Magari ya vita ya kuchomelea gereji: chesis ilikuwa inabebaje ule uzito?

Fundi_Nzovwe ameandika:

Wakuu, habari za jioni. Mimi nachomelea bodi za malori, matela na mageti hapa Nzovwe, Mbeya, mwaka wa 19 huu. Nina swali limegawa gereji nzima tangu Jumamosi.

Mpwa wangu alikuja na simu akatuonyesha picha ya katapila limefunikwa mabati ya mikunjo juu mpaka chini, bunduki zinachungulia kila upande, pameandikwa New Zealand, 1940 na kitu. Akatelezesha kidole, ikaja pikapu ya jangwani ina mzinga wa midomo miwili nyuma. Akatelezesha tena, lori la Kimarekani limezungushiwa plate kama kontena. Vijana wangu wakapagawa, "Bosi, hii hata sisi tunaiweza!" Kuiweza tunaiweza, kuchomelea ni kuchomelea tu. Mimi nilichotaka kujua ni kama yalifanya kazi kweli, na ule uzito ulikaa wapi.

Nina sababu ya kuuliza. Miaka 3 iliyopita alinijia bosi mmoja wa dhahabu kutoka upande wa Chunya, na Land Cruiser mkonga isiyo hata na mkwaruzo. Alikuwa amevamiwa porini akaponea chupuchupu. Akataka nimwekee plate ya milimita 6 ndani ya milango, nyuma ya siti na bodi yote ya nyuma. Nikamwambia, bosi, plate moja ya futi 4 kwa 8 ya unene huo ina kilo 140. Kazi yako inakula plate 5. Hizo ni kilo 700 kabla hujapanda wewe, mlinzi wako na mzigo wako. Akaniangalia kwa dharau, akasema, "Fundi, nimekuja kununua chuma, hesabu nilishasoma shule." Ada za watoto zilikuwa zinanisubiri. Nikachomelea.

Wiki ya 3 gari likarudi linavutwa. Springi ya nyuma kushoto imekatika vipande viwili. Bawaba za mlango wa dereva zimeng'oka, mlango umefungwa kwa kamba ya katani. Na kwenye ule mteremko wa kushukia Mbeya mjini breki zilikuwa zimetoa moshi mpaka mlinzi akaruka. Lawama zote kwangu, na nusu ya hela iliyobaki sijaiona hadi leo.

Sasa hao wa vitani waliwezaje? Au na wao walirudi wanavutwa, ila hawakupigwa picha?

---

Dereva_wa_Kitonga amejibu:

Fundi pole. Hilo lori la Kimarekani ni la Vietnam, na kisa chake sisi wa barabarani tunakielewa kuliko wanajeshi.

Kulikuwa na barabara namba 19, inatoka bandari ya Qui Nhon inapanda milimani kwenda Pleiku. Fikiria Dar kuja huku kwetu, na mlima wa An Khe ndiyo Kitonga yao. Unajua Kitonga ukiwa na mzigo unavyotambaa, mtu anakupita kwa miguu, ukiangalia kioo cha pembeni unamwona mtu kashapanda juu ya turubai. Basi pale aliyekuwa anasubiri kwenye kona si mwizi wa mafuta, ni mtu mwenye roketi. Tarehe 2 Septemba 1967 msafara ulivamiwa hapo, malori yakateketea mengi na madereva wakafa.

Baada ya pale madereva wenyewe ndio walianza kujitengenezea. Mwanzo mbao na mifuko ya mchanga. Tatizo la mchanga, mvua ikinyesha unakunywa maji, gari linakuwa zito mara mbili (mimi nilishabeba mchanga mbichi kutoka Ruaha Mdogo, najua ninachosema). Wakahamia kwenye plate za chuma, na baadaye wakaweka kuta mbili zenye nafasi katikati, risasi ikipita ya kwanza ife njiani kabla ya kufika ya pili.

Jibu la chesis lako ndilo hili. Mengi yalikuwa malori ya tani 5, na yakishachomelewa yalikuwa hayabebi mzigo tena. Plate, bunduki na watu ndiyo mzigo wenyewe. Kazi yake ni kukaa katikati ya wenzake wenye mzigo na kukimbilia panapopigwa. Bosi wako yeye alitaka plate na mzigo na spidi, vyote kwenye mkonga mmoja.

Halafu kitu kilichonifurahisha: kila lori walilipa jina, wamelichora ubavuni kwa rangi na mbwembwe zote, kama sisi na mikwara yetu kwenye mabampa. Moja limebaki hadi leo, liko makumbusho ya Fort Eustis, Virginia.

---

Mwalimu_Gangilonga amejibu:

Kamwene. Nafundisha historia Iringa, kwa hiyo mtanivumilia.

Hilo katapila la mabati ni la Bob Semple, waziri wa ujenzi wa New Zealand wakati ule. Hofu ilikuwa Wajapani watatua, na silaha za Uingereza haziji. Akasema tuna matrekta, tuna chuma, tutengeneze vifaru wenyewe. Wakachukua Caterpillar D8, wakalivalisha mabati mazito ya mikunjo, wakapachika bunduki 6 aina ya Bren. Uzito ukafika kama tani 25. Ndani wanajibana watu 8, na mmoja wao anapiga bunduki yake kalala kifudifudi kwenye godoro juu ya injini. Juu ya injini, wakuu! Na kubadilisha gia mpaka kifaru kisimame kwanza. Kilipopitishwa barabarani kwenye maandamano watu walicheka, jeshi halikukitaka, mabati yakavuliwa na matrekta yakarudi kulima barabara. Kwa hiyo Fundi, hicho hata kuvutwa hakikuvutwa. Hakikufika vitani.

Lakini usiwacheke upesi. Mwaka 1941 mji wa Odessa, pale Bahari Nyeusi, ulizingirwa na Waromania. Kiwanda kikachukua matrekta ya kuvutia mizinga, kikayafunika bati za meli, katikati kikatia mbao na mpira. Wakayaita NI, kifupi cha maneno ya Kirusi yenye maana ya "kwa kutishia". Usiku wa tarehe 20 Septemba waliyatoa taa zinawaka, kelele mtindo mmoja. Waromania wakatimka mahandakini. Ile kelele ya chuma kugongana, ambayo wewe ungeona ni aibu ya fundi, ndiyo iliyofanya kazi.

Na hapa kwetu pia jambo hili lipo. Meli ya Kijerumani Königsberg iliposhindwa kwenye delta ya Rufiji Julai 1915, mizinga yake 10 ya milimita 105 iliopolewa, ikapelekwa karakana ya Dar es Salaam ikatengenezewa magurudumu. Mizinga ya meli ikawa ya nchi kavu. Injini yake ilikuwa mabega ya wapagazi, mamia kwa mzinga mmoja, wanaukokota kwenye matope na vilima. Tukisifia ule ufundi wa magurudumu tuwataje na wao.

---

Mdogo_wa_Mafiati amejibu:

Mimi nawaza yule wa kwenye godoro tu 😂

Wakuu mmesahau Sham II ya Syria, 2012. Waasi wa Aleppo walichukua chesis ya gari dogo, wakaifunika chuma, bunduki juu inaongozwa kutoka ndani kwa rimoti ya PlayStation, na dereva anaangalia njia kwenye skrini. Fundi, huyo ungempa kazi gereji kwako?

---

Mzee_wa_Mafinga amejibu:

Wajukuu, hamjambo. Nimesoma yote. Nilikuwa dereva vita vya Kagera, 1978 na 79, naendesha lori lililochukuliwa kwa raia. Malori ya watu na mabasi yalichukuliwa kwenda mbele. Langu lilikuwa bado lina harufu ya dagaa, na mvua ya kule ikizidi harufu inaamka upya. Hatukuchomelea kitu. Ulinzi wetu ulikuwa kuachiana nafasi barabarani na kutosimama.

Pale Lukaya, Machi 1979, tulikutana na Walibya walioletwa kumsaidia Amin. Walikuwa na vifaru T-55 na malori ya roketi. Nawataja kwa sababu hao hao ndio waliokuja kupigwa na pikapu za jangwani kama hiyo yako, Fundi.

Miaka 8 baadaye Libya ilikuwa kaskazini mwa Chad, vifaru vimejaa. Watu wa Chad walikuwa na Toyota, Land Cruiser na Hilux, na juu yake makombora ya MILAN ya kupigia vifaru waliyopewa na Ufaransa, au bunduki kubwa. Tarehe 2 Januari 1987 wakaipiga ngome ya Fada. Kwa hesabu iliyotangazwa, Libya ilipoteza vifaru zaidi ya 90, Chad ikapoteza Toyota 3. Machi wakaichukua Ouadi Doum, Septemba wakavuka mpaka wakapiga uwanja wa ndege wa Maaten al-Sarra ndani ya Libya kwenyewe. Vita vyenyewe watu wameviita Vita vya Toyota.

Angalia walichokifanya. Hawakuongeza bati hata moja, walipunguza. Mzinga wa kifaru unageuka polepole, na pikapu nyepesi kwenye mchanga mgumu inakuwa imeshahama kabla haujaifikia. Siku ukiipiga imekwisha na waliomo wamekwisha, hilo walilijua. Walinunua mwendo kwa kuvua nguo.

Yule bosi wa dhahabu alifanya kinyume. Na nikwambie jambo lingine litakalokuuma: chuma laini cha milimita 6, risasi ya SMG, yaani AK-47, kwa karibu inapita. Alikuwa amebeba kilo 700 za kujipa moyo.

---

Fundi_Nzovwe ameandika:

Mzee shikamoo. Hilo la mwisho nimelisoma mara mbili nikaweka simu chini. Ningejua ningemwambia palepale, labda angesikia. Au angeniuliza tena kama anauziwa chuma au somo la kijeshi.

Swali dogo: ule mzinga wa midomo miwili, unapopigwa, gari halipinduki? Na mwalimu, hakuna hata mmoja aliyechomelea kwa mkono likaenda likarudi? Mnanivunja moyo kazi yangu.

---

Mzee_wa_Mafinga amejibu:

Marahaba mwanangu. Ule ni ZU-23, wenyewe peke yake unakaribia kilo 950. Kwa Land Cruiser hiyo ndiyo tani yake yote imekwisha, kwa Hilux umeshazidisha. Ukipiga ubavuni gari linayumba kama mtumbwi na risasi zinakwenda zinakojua. Ndiyo maana utaona mafundi wameongeza springi nyuma na kuunganisha kitako cha mzinga mpaka kwenye chesis. Ukikifunga kwenye bati la bodi tu, bati linachanika.

---

Mwalimu_Gangilonga amejibu:

Yupo. Warsaw, Poland, Agosti 1944, wananchi wameinuka dhidi ya Wajerumani. Gereji moja ikachukua lori la Chevrolet la tani 3, ikalijengea mwili wa chuma wa tabaka mbili, kwa siku 13 tu, mji unapigwa mabomu. Wakaliita Kubuś. Tarehe 23 likaenda kushambulia chuo kikuu walimojificha Wajerumani. Chuo hawakukichukua. Lakini gari lilirudi na magurudumu yake, na liko makumbusho ya jeshi kule kwao. Lori la tani 3, si mkonga.

---

Fundi_Nzovwe ameandika:

Asante mwalimu. Siku 13 bila umeme wa kueleweka, mimi geti la mchungaji lina mwezi wa pili.

Kwa waliouliza pembeni: yule bosi baadaye alimtuma kijana, nikazing'oa zile plate. Gari likapanda nyuma lenyewe, sentimita 6 nilizipima kwa mkono wangu. Plate aliniachia badala ya deni, sijui kama ni malipo au matusi. Moja imekuwa tanuri la mikate la mama mmoja Iyunga, linaoka vizuri ajabu, joto haliponyoki. Mbili ni meza yangu ya kazi. Mbili zimebaki zimeegemea ukuta, zina matundu ya bolti pembeni. Mwenye kazi ya geti au daraja la mtaroni anitafute, bei tutaelewana, ila uje na usafiri unaobeba.