Mrejesho: Wilson hadi KIA na familia kwa Cessna 172S

Wakuu, niliuliza kama Cessna 172S, ndege ndogo ya viti vinne, itabeba watu wanne kutoka uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, hadi KIA (uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, Tanzania) na kurudi siku hiyohiyo. Inawezekana, ila uzito ndio kesi yenyewe. Matangi yakijaa, mafuta pekee ni kilo 144 hivi, na Wilson iko karibu futi 5,500 juu ya usawa wa bahari: hewa nyepesi, injini hukosa nguvu. Kwenda na kurudi ni kama lita 90 kabla ya akiba, kwa hiyo msijaze. Avgas (petroli ya ndege kama hii) ya KIA ithibitishwe kwa simu; Jet A-1, mafuta ya ndege za jeti, haifai kabisa. Rukeni asubuhi, mkipunguza mafuta kwenye mchanganyiko wa mafuta na hewa unaoingia kwenye injini kabla ya kuongeza kasi ya kupaa. Mpango wa safari uwasilishwe angalau dakika 60 kabla. Na bebeni cheti cha chanjo ya homa ya manjano, watoto pia.