Hisa 400 za marehemu baba, na milioni tatu zangu

Bint Mikarafuuni, Wete

Assalaam alaykum ndugu zangu wa jukwaa hili.

Mie ni mwalimu wa skuli ya msingi huku Wete, Pemba. Baba katutangulia mwishoni mwa 2021. Mwezi uliopita mama katwambia kasha lake lifunguliwe sasa, vilivyomo vijulikane. Juu kulikuwa na kanzu zake na hati ya shamba. Chini kabisa tukakuta daftari alilokuwa akiandikia pishi za wachumaji, kila jina na hesabu yake, kwa penseli. Ndani ya daftari mlikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, inanuka karafuu mpaka leo. Ni stakabadhi ya hisa 400 za benki ya NMB, alizonunua mwaka 2008 zilipouzwa kwa umma kwa shilingi 600 kila moja. Yaani mzee alitoa 240,000 na hakumwambia mtu. Mama anakumbuka tu kwamba mwaka ule, baada ya kuuza karafuu, alisema "nimenunua kitu Dar", mazungumzo yakaishia hapo.

Tumebaki mama, ndugu wawili wa kiume na wa kike watatu pamoja na mie. Kaka mkubwa anataka ziuzwe zote zigaiwe fedha. Mdogo wetu wa mwisho anasema benki ni riba, tusiguse hata gawio, ile faida inayogaiwa wenye hisa. Wamefika mahali hawasalimiani vizuri, na mama analia usiku.

Na mie mwenyewe nna milioni tatu, za mwani na za mshahara, nilizokusanya miaka minne. Nikiona karatasi ile ya baba natamani na mie ninunue hisa. Lakini nikiuliza natajiwa majina ya kampuni tu, na kila mtu na lake. Mwanangu wa kwanza anamaliza kidato cha nne mwakani. Nnaomba mnielekeze: za baba tufanye nini, na zangu nizishike wapi?

Kijana wa Fuoni

Dada usiuze hata moja. Imetoka 600, mwaka 2024 ilishapita 5,000. Mzee wako aliona mbali. Ningekuwa mie hizo milioni tatu zote ningeziingiza hapo hapo, wiki hii hii, kabla haijapanda tena.

Maalim wa Kikwajuni

Waalaykum salaam mwanangu. Mungu amrehemu mzee wenu. Nimeshika vitabu vya hesabu miaka 31 hapa Unguja kabla ya kustaafu, na kesi kama yenu nimeziona zikivunja nyumba, kwa hiyo niruhusu niandike kwa urefu.

Anza na mirathi. Mama yenu ana thumuni, yaani moja ya nane, kwa sababu marehemu kaacha watoto. Thumuni ya 400 ni hisa 50. Zinabaki 350. Wanaume wawili wana mafungu mawili mawili, wanawake watatu fungu moja moja, jumla mafungu saba. Mia tatu na hamsini kwa saba ni 50. Kwa hiyo kila mwanamme hisa 100, kila mwanamke hisa 50, mama 50, na hakuna hisa hata moja ya kuvunja. (Hapo nimechukulia hakuna deni, wasia wala mrithi mwengine, kama babu au bibi yenu aliye hai. Kadhi ndiye atakayethibitisha.)

Mwaona? Hapana haja ya kuuza ndiyo mgawane. Hisa zenyewe zinagawika. Zikishaingia katika jina la kila mmoja, kaka auze mia zake, mdogo afanye analoliona sawa kwa dini yake, mama akae na zake. Ugomvi wenu umetokana na kutaka uamuzi mmoja kwa watu sita.

Pili, ulizieni gawio. NMB ililipa shilingi 193 kwa hisa kwa mwaka 2021, 286 kwa 2022 na 361 kwa 2023. Jumlisha, 840. Mara 400 ni 336,000. Kodi ya gawio kwa kampuni iliyoorodheshwa sokoni ni asilimia 5, inakatwa kabla hujapewa, inabaki 319,200. Gawio la miaka mitatu tu, toka mzee afariki, limeshapita alichotoa 2008. Huenda limo ndani ya akaunti yake iliyolala, huenda linasubiri kudaiwa. Lifuatilieni kwa barua, na nakala mbaki nayo.

Sasa zako. Kijana wa Fuoni namheshimu, lakini hapa simfuati. Mwaka 2017 sheria iliyataka makampuni ya simu yauze asilimia 25 ya hisa kwa umma, Vodacom ikauza kwa 850. Watu walipanga foleni kama ile ya 2008. Hisa ile ikaja kushuka chini ya 850 na kukaa huko miaka. Ilikuwa kampuni kubwa, inayojulikana mpaka Konde na Kojani. Bei iliyokwishapanda inakwambia habari ya aliyenunua jana, haikwambii yako.

Swali langu la kwanza kwako si kampuni gani. Ni hili: katika milioni tatu hizo, ngapi zina tarehe? Mtoto akimaliza kidato cha nne atataka sare, godoro, nauli, pengine ada. Hiyo ni fedha yenye tarehe. Fedha yenye tarehe haingii kwenye hisa.

Nasema hivi kwa sababu limenikuta. Mwaka 2018 niliweka milioni mbili na nusu kwenye kampuni moja nzuri tu, inayotoa faida, ila hisa zake haziuzwi kwa wingi. Mwaka 2020 mke wangu akatakiwa afanyiwe operesheni ya jicho. Nikampigia dalali wa hisa auze. Kila asubuhi baada ya kahawa naangalia simu: upande wa wauzaji mstari mrefu, upande wa wanunuzi mtupu. Wiki ya kwanza hakuna. Ya pili hakuna. Ya tatu ikauzwa theluthi, na bei nimeishusha mwenyewe. Nilikopa kwa shemeji, nikaona haya mpaka nilipomlipa. Soko letu la hisa la Dar limeanza kuuza hisa 1998 na bado kampuni nyingi zake zinapitisha siku nzima hapana aliyenunua. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kampuni inapata faida kiasi gani, angalia kwa mwezi mzima hisa zake zinauzwa ngapi kwa siku. Hilo laonekana bure kwenye ripoti ya soko ya kila siku.

Kuhusu dini. Bia na sigara hapana mjadala, TBL na TCC ziweke pembeni. Benki za kawaida zinaishi kwa riba, na wanazuoni wengi wanazikataa. Kwa zile mlizorithi, nendeni Ofisi ya Mufti pale Mazizini mkaulize uso kwa uso, msitegemee fatwa za humu. Kwa kampuni nyengine, wengi wanatumia vipimo vya AAOIFI, taasisi ya Bahrain inayoweka viwango vya fedha za Kiislamu: deni la riba lisizidi asilimia 30 ya thamani ya kampuni sokoni (bei ya hisa mara idadi ya hisa zake), na mapato yasiyo halali yasizidi asilimia 5 ya mapato yote, na sehemu hiyo unaitoa kwenye gawio lako. Ni kazi ya jioni moja na ripoti ya mwaka. Mwalimu hawezi kushindwa. Saruji ya Twiga unaweza kuipima hivyo, TOL ya gesi vile vile. Sikwambii nunua. Nakwambia pima, kwani deni la kampuni hubadilika mwaka hata mwaka.

Na usinunue kwa mkupuo, wala usiwe wa kununua na kuuza kila mara. Gharama za dalali na soko kwa fedha za kiwango chako zinafika asilimia mbili na kitu ukinunua, na nyengine ukiuza. Anayenunua na kuuza kila mwezi anamfanyia kazi dalali.

Mama Mtambile

Mie naongeza la njia tu, maana nimezunguka nalo baada ya mume wangu kufariki.

Cheti cha kifo kwanza. Kisha Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na Mahkama ya Kadhi, mpaka mpate karatasi ya mirathi yenye majina na mafungu. Mkikosea herufi moja ya jina la marehemu mtarudi, kwa hiyo linganisheni stakabadhi na cheti kabla hamjatoka nyumbani. Mimi nilirudishwa kwa "Khamis" na "Hamisi". Nauli ya boti mara mbili na siku nne za biashara. Halafu ndiyo dalali, na kila mrithi afunguliwe akaunti yake ya kuwekea hisa, hata mama. Msikubali ziandikwe zote jina la kaka "kwa urahisi". Urahisi huo unadumu mpaka siku ya gawio.

Dalali awe na leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, orodha wanaitoa wenyewe. Mwalimu, tangu umeandika hapa nakuhakikishia utafuatwa faragha na watu wanaokwambia utume fedha kwenye namba ya simu, faida kila siku. Usijibu. Katika kikundi chetu cha kuweka na kukopa wanachama wanane walipoteza fedha kwa watu hao, mmoja kauza ng'ombe.

Kijana wa Fuoni

Maalim nimekuelewa, hilo la tarehe sikulifikiri. Lakini akishatenga za mtoto, tuseme zikabaki milioni mbili, kuzigawa kwenye kampuni mbili si ndogo mno?

Maalim wa Kikwajuni

Si ndogo. Shamba la mzee wao halikuwa na mikarafuu peke yake, naapa bila ya kuliona. Lilikuwa na minazi, kwa sababu karafuu mwaka inazaa mwaka inagoma, na nazi zinaangushwa kila baada ya miezi mitatu hivi. Kampuni mbili au tatu zinazochuma kwa njia tofauti, na zisiumwe na ugonjwa mmoja. Ndege ziliposimama kwa korona 2020, Swissport inayohudumia ndege iliumia, wakati nyumba ziliendelea kujengwa. Zaidi ya kampuni nne kwa fedha hiyo, hutaweza kusoma ripoti zake. Asiyetaka kusoma aangalie sukuk, dhamana za uwekezaji zisizo na riba, Serikali ya Zanzibar nayo imetoa yake 2025, au mifuko ya pamoja inayofuata sharia, ambako watu wengi huchanga na mtaalamu akawawekezea. Mifuko ya kawaida ina hatifungani (mikopo yenye riba) na amana za benki ndani yake, kwa hiyo mdogo wako ataikataa.

Bint Mikarafuuni, Wete

Maalim, shamba lina minazi thelathini na mbili. Nimezihesabu leo.

Jana baada ya Isha niliwasomea wote hesabu yako, nikaichora nyuma ya kalenda. Kaka alinyamaza, kisha akasema "kumbe mia zangu ni zangu." Mdogo atakwenda Mazizini mwenyewe wiki ijayo, na mengine atayajua akirudi. Jumatatu nakwenda Kamisheni. Jina la baba kwenye stakabadhi limeandikwa "Seif", kwenye cheti "Seifu", Mama Mtambile umeniokoa nauli.

Milioni moja na laki mbili nimezitenga za mtoto, hazitoki. Zilizobaki nitaanza na laki sita baada ya kusoma ripoti ya mwaka ya Twiga, nimeshaipakua, kurasa nyingi kweli. Nimekwama kwenye mizania, ule ukurasa wa mali na madeni: mikopo ya muda mfupi na wa muda mrefu nizijumlishe zote mbili kwenye ile asilimia 30, au moja tu?

Maalim wa Kikwajuni

Zote mbili, mwanangu. Ila wadai wa kawaida wa biashara, wale wasiotozwa riba, waache nje. Piga picha ukurasa huo uuweke hapa, tuusome pamoja.