Ukoo wa Mzee Kombo

Shangazi Mwajuma: Asalaam aleikum. Juma kaamkaje jamani? Jana sikulala.

Mama Juma: Waaleikum salaam wifi. Kanywa uji kidogo. Kichwa bado kinamgonga.

Baba Mdogo Hamisi: Shikamoo dada. Shemeji nisamehe, ni kwenye saiti yangu ya ujenzi Juma alikozidiwa na joto. Alikuwa anapandisha ndoo za zege, siku yake ya pili tu. Saa saba namwita ananijibu maneno hayaeleweki. Mara akajitwisha ndoo upande, zege lote likammwagikia begani, na wala hakushtuka. Nikadhani uchovu 😔

Dada Rehema: Shikamoo baba mdogo. Mtu wa juani akianza kusema hovyo, hapo hapo ni dharura. Usiseme "mbona jasho linamtoka", kwenye kazi nzito anaweza kuwa amelowa chapachapa na ndani anaungua.

Baba Mdogo Hamisi: Tulimpa soda.

Dada Rehema: Asiyejielewa hanyweshwi kitu! Ingempalia. Anapelekwa kivulini, anavuliwa shati, anamwagiwa maji mwili mzima huku anapepewa. Barafu ikipatikana iwekwe shingoni, kwapani, kwenye kinena. Gari liitwe, lakini asiachwe mkavu akilisubiri.

Baba Mdogo Hamisi: Fundi mmoja alimmwagia pipa la kuloweshea matofali, ndipo akafumbua macho.

Dada Rehema: Huyo ndiye aliyemwokoa. Mfikishie shukrani zangu.

Mama Juma: Juma anasema walikuwa na dumu moja la maji la lita 20, watu kumi na moja. Saa tano limekwisha.

Kaka Idi Doha: Shikamooni. Mama pole sana. Huku Qatar tarehe 1 Juni mpaka 15 Septemba hakuna kazi ya juani kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu. Zamani ilikuwa saa tano na nusu hadi saa tisa, wakaongeza 2021. Kuna na kipimo kinachojumlisha joto, unyevu, jua na upepo. Kikipita nyuzi 32.1 tunaacha kazi, hata iwe saa ngapi.

Baba Mdogo Hamisi: Idi mwanangu, hapa watu wanalipwa kwa siku. Nikisimamisha saa nne watakula nini?

Kaka Idi Doha: Waanze saa kumi na mbili asubuhi, saa tano wapumzike, warudi saa kumi. Posho ile ile. Na mgeni siku ya kwanza apewe sehemu moja ya tano ya kazi, uwe unamwongezea kila siku. Mwili unataka wiki moja au mbili kuzoea. Juma alibebeshwa mzigo wa mtu wa miezi sita.

Baba Mdogo Hamisi: Kweli.

Dada Rehema: Maji kikombe kila robo saa, hata asiye na kiu.

Shangazi Mwajuma: Hamisi, siku anazolala mtoto umlipe.

Baba Mdogo Hamisi: Nimeshampa ya wiki nzima dada. Jumamosi tunamwaga linta, zege haliachiki katikati, kwa hiyo mwenye mikisa, mashine ya kuchanganya zege, anakuja saa kumi na moja alfajiri. Turubai la kivuli naazima kwa mjumbe leo. Maji madumu matano.

Mama Juma: Juma anauliza kama Jumamosi yumo.

Dada Rehema: Hayumo. Mwambie nimesema mimi.