Mrejesho: wenye maboti sasa wanapata habari kwa wakati

Ndugu zangu nimerudi, mnakumbuka niliuliza nifanyeje wenye maboti hapa gati yetu ya umma Entebbe wapate taarifa mapema, maana ile asubuhi magugu maji yaliziba njia nilituma meseji kwenye grupu la WhatsApp ikazama kati ya salamu na picha za harusi, watu wakaja na wageni wao wakakwama, iliniuma sana.

Basi nilifuata ushauri wenu, nikafungua grupu jingine ambalo ni mimi na mlinzi wa zamu tu tunaandika, mara moja saa kumi na mbili asubuhi: upepo, magugu, kina cha maji. Wazee wenye kitochi nawapigia simu mwenyewe. Kilichosaidia zaidi lakini ni ubao pale getini, nimechora na alama ya maji ya Mei 2020, Ziwa Victoria lilipofika mita 13.42 kwenye kipimo cha maji kilichopo Jinja, kila mtu anasimama kuangalia.

Wiki iliyopita magugu yamerudi na hakuna boti hata moja iliyokwama. Bado kamba za gati ya pili, nabadilisha Jumamosi. Webale nyo, asanteni sana.