Maji yamemwagikia kompyuta, na sasa picha hazionekani kwenye tovuti yangu ya kwanza

Mama wa Watatu anauliza:

Habari zenu, ndugu zangu. Mimi ni mama wa watoto watatu, na kwa miezi minne sasa nimekuwa nikijifunza kujenga tovuti yangu mwenyewe usiku, baada ya watoto kulala. Ningeweza kuchukua kiolezo kilichokwisha kupangwa na kujaza maneno tu, lakini nilitaka kuelewa ukurasa unavyosimama, kwa hiyo nilianza na HTML, lugha inayojenga mifupa ya ukurasa, nikaingia CSS inayoupamba, na JavaScript, inayoupa ukurasa vitendo, nimeigusa kwa mistari michache ya kufungua na kufunga menyu. Ninachoandika humo ni visa vya nyumbani kwetu: siku mtoto wa kati alipojifungia bafuni na kitasa kikamtoka mkononi; siku baba yao alipofua shati jekundu pamoja na sare nyeupe za shule, zikatoka zote za waridi; siku tulipofika kwenye sherehe ya ukoo tukagundua kwamba mdogo amevaa viatu viwili vya mguu wa kushoto, kila kimoja na pea yake.

Wiki mbili zilizopita kisa kilinifika mimi. Mdogo wetu, mwenye miaka minne, alikuja mbio kunionyesha mchoro wake huku ameshika kikombe cha maji, na maji yote yakaishia kwenye kibodi. Nilizima kompyuta mpakato, nikachomoa chaja na kuigeuza kifudifudi usiku kucha, lakini haikuwaka tena, na fundi amesema ubao mkuu umeharibika. Kurasa zilikuwa kumi na moja, na kwenye flashi nilikuwa na nakala za tatu tu. Nilikaa kimya siku nzima, kwa sababu nisingeweza kumgombeza mtoto aliyekuja kwa furaha, na bado moyo uliniuma.

Nimeanza upya kwa kompyuta ya familia, inayotumiwa na watu wote nyumbani. Nilipakia zile kurasa tatu kwenye seva, yaani kompyuta ya mtandaoni inayoonyesha tovuti, na hapo likazuka jambo jingine: ninapofungua faili hapa nyumbani picha zote zinaonekana, lakini nikifungua tovuti kwa simu naona picha moja tu kati ya sita, na nyingine zimebaki kialama kidogo kilichovunjika. Nimefuta na kupakia tena mara tatu bila mabadiliko.

La mwisho si la ufundi, lakini ndilo linalonisumbua zaidi. Binti yetu mkubwa, mwenye miaka kumi na mitatu, alisoma ukurasa unaosimulia jinsi alivyosahau maneno yake mbele ya wazazi wote kwenye igizo la shule, kisha akaniambia kwa sauti ya chini kwamba hakujua nitaliandika. Baba yake anaona kisa hicho hakina ubaya wowote. Naombeni msaada wenu, hata kwa sehemu moja tu ya haya.

Fundi wa Kurasa anajibu:

Pole sana, dada. Mimi nitashika suala la picha, maana nimewahi kupoteza wikendi mbili kwa tatizo hilohilo. Ukiona picha inatokea nyumbani na kupotea ikifika kwenye seva, kitu cha kwanza cha kukagua ni jina la faili, herufi kwa herufi. Windows haitofautishi herufi kubwa na ndogo katika majina ya faili, kwa hiyo ukiandika picha1.jpg ndani ya HTML ilhali faili yenyewe inaitwa Picha1.JPG, kompyuta yako itaipata bila kulalamika. Seva nyingi hutumia Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, na kwa Linux hayo ni majina mawili tofauti kabisa. Kamera nyingi huandika JPG kwa herufi kubwa, na sisi kwa mazoea huandika ndogo. Nakushauri majina yote ya faili yawe na herufi ndogo, yasiwe na nafasi, na mahali pa nafasi uweke kistari.

Cha pili ni njia ya faili. Fungua HTML yako utazame kama anwani ya picha inaanza na C: au na neno file. Ikiwa ndivyo, umeuambia ukurasa utafute picha ndani ya diski ya kompyuta ya nyumbani, na simu ya msomaji haina diski hiyo. Njia iandikwe kwa kuanzia pale ulipo ukurasa wenyewe, kwa mfano picha/bafuni.jpg, na folda hiyo ya picha ipakiwe pamoja na kurasa.

Ili usibahatishe, andika anwani kamili ya picha moja katika kivinjari. Ukipata ujumbe wa 404, seva haikuiona faili, na kosa liko kwenye jina, kwenye njia au kwenye upakiaji. Faili ikipatikana lakini kivinjari kikashindwa kuionyesha, huenda muundo wake ndio tatizo: simu za iPhone, tangu mwaka 2017, huhifadhi picha kwa muundo wa HEIC usipobadilisha mpangilio, na vivinjari vingi haviusomi. Zibadilishe ziwe JPEG kwanza. Ukimaliza kurekebisha, bonyeza Ctrl na F5 kwa pamoja, maana kivinjari hupenda kukumbuka ukurasa wa zamani, na mtu anaweza kudhani hajatengeneza kitu kumbe alishatengeneza.

Niongeze jambo moja ambalo hukuliuliza. Picha ya simu yenye megapikseli 12 ina upana wa pikseli 4000 hivi na mara nyingi huzidi megabaiti tatu. Kuandika upana mdogo ndani ya HTML hakupunguzi uzito wake hata kidogo; msomaji atapakua megabaiti zote, kisha kivinjari chake ndicho kiipunguze. Punguza picha yenyewe kabla ya kuipakia, upana wa pikseli 1200 unatosha, na kwa kawaida utabaki na kilobaiti mia chache.

Mlinzi wa Nakala anajibu:

Mama wa Watatu, kabla ya kuandika upya zile kurasa nane, mrudie fundi umuulize swali moja: je, diski imetolewa na kujaribiwa? Ubao mkuu ukiharibika haina maana kwamba diski nayo imekufa. Katika kompyuta mpakato nyingi diski ni kipande cha peke yake kilichoshikwa kwa skrubu, na kinaweza kuwekwa ndani ya kasha dogo la USB na kusomwa na kompyuta nyingine kama flashi kubwa. Zipo kompyuta, hasa zile nyembamba sana, ambazo hifadhi yake imelehemiwa kwenye ubao wenyewe, na hapo kazi huwa ngumu. Kama Windows yako ilikuwa imefunga diski kwa BitLocker, utaombwa ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48, ambao mara nyingi huwa umehifadhiwa katika akaunti yako ya Microsoft. Jaribu njia hii kwanza, tafadhali. Nimeona watu wakitupa kompyuta pamoja na kazi iliyokuwa salama ndani yake.

Kuhusu kesho, watu wa kompyuta wana kanuni wanayoiita 3-2-1: nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili, na moja kati ya hizo iwe nje ya nyumba. Kwako wewe nakala ya kwanza ni ile unayoifanyia kazi, ya pili iwe kwenye diski ya nje inayowekwa juu kabatini, na ya tatu iwe mtandaoni. Nakutahadharisha tu kuhusu folda zinazojilinganisha zenyewe na hifadhi ya mtandaoni, kwa kuwa mtoto akifuta faili kwenye kompyuta, faili hiyo hufutwa na huko pia. Huduma nyingi huweka kilichofutwa kwenye pipa kwa siku kadhaa, lakini lazima ugundue mapema.

Mimi ningekuomba ujifunze Git, programu ya kutunza historia ya faili, hata kama jina lake linatisha. Iliandikwa na Linus Torvalds mwaka 2005 kwa ajili ya kusimamia kazi ya Linux, na watengenezaji wa tovuti wa kila kiwango huitumia leo. Inafuatilia folda yako na kukumbuka kila hatua unayoiambia ikumbuke, ili ukiharibu ukurasa, au mtu akalalia kibodi, urudi kwenye hali ya jana. Kwa kazi ya kila usiku unahitaji amri tatu: git add ya kuchagua mabadiliko, git commit ya kuyahifadhi pamoja na maelezo mafupi, na git push ya kuyapeleka kwenye seva ya mbali. Usiku ukimaliza kazi, zifanye hizo tatu kabla ya kufunga kompyuta. Na kwa kuwa kompyuta ni ya familia, fungua akaunti yako yenye nenosiri, na watoto wawe na yao isiyo na uwezo wa kubadilisha faili zako. Nilichelewa kufanya hivyo, na mpwa wangu, akitafuta nafasi ya mchezo, alifuta folda niliyoipa jina la "mpya2", akidhani haina kazi.

Baba Mzee anajibu:

Wenzangu wamelijibu vizuri suala la ufundi, kwa hiyo nitaongelea hilo la binti yako, kwa sababu nililipitia nikiwa upande wa mzazi aliyekosea. Kwa miaka mingi nilikuwa na tovuti ya visa vya nyumbani, na niliandika kwa upendo kabisa jinsi mwanangu alivyokuwa akilowanisha kitanda mpaka umri fulani. Alipokuwa kijana wa miaka kumi na sita, wenzake waliukuta ukurasa ule. Niliufuta siku hiyohiyo, lakini injini za utafutaji ziliendelea kuuonyesha kwa muda, na nakala nyingine ilikuwa imekwisha kuhifadhiwa na Internet Archive, taasisi ambayo tangu mwaka 1996 inakusanya kurasa za mtandao. Nilituma maombi ya kuiondoa. Hata hivyo, mwanangu hakuweza kurudishiwa wiki zile alizokataa kwenda shule.

Tangu hapo najiuliza kabla ya kuandika: kisa hiki ni cha nani? Siku uliyofua sare pamoja na shati jekundu, kama ungekuwa wewe, ni kisa chako. Mumeo akiridhia, cha kwake nacho ni halali kukisimulia. Lakini msichana wa miaka kumi na mitatu aliyesahau maneno mbele ya watu anabeba aibu ambayo sisi watu wazima tumeshaisahau ladha yake, na alipokuambia kwa sauti ya chini alikuwa amekuamini. Muombe radhi, uuondoe ukurasa leo, kisha mzungumze.

Tena, usidanganyike na kinga ambazo si kinga. Faili ya robots.txt ni ombi kwa injini za utafutaji zisipitie kurasa fulani, na anayetaka kulipuuza analipuuza. Nenosiri lililoandikwa kwa JavaScript ndani ya ukurasa husomwa na yeyote anayejua kufungua msimbo wa ukurasa huo. Kama unataka sehemu ya familia pekee, kufuli iwekwe na seva yenyewe. Picha nazo zikague. Simu nyingi, huduma ya mahali ikiwa imewashwa kwenye kamera, huandika ndani ya faili mahali hasa picha ilipopigwa, na picha ya watoto uani inaweza kuwa ramani ya kufika nyumbani kwenu. Programu nyingi za kupunguza picha zina chaguo la kuondoa maelezo hayo, kwa hiyo kazi uliyopewa na Fundi wa Kurasa inaweza kukamilisha na hili pia, ukihakikisha umelichagua.

Mama wa Watatu anarudi:

Ndugu zangu, sijui niwashukuru vipi. Picha tano zilikuwa na JPG kwa herufi kubwa, kama mlivyosema, na ile moja iliyokuwa ikionekana nilikuwa nimeibadilisha jina mwenyewe zamani. Sasa zote sita zinaonekana kwenye simu, na ukurasa unafunguka haraka kuliko mwanzo.

Fundi aliitoa diski, tukaisoma kwenye kompyuta ya familia, na kurasa zote kumi na moja zimo. Nililia kidogo, nakiri, na mdogo wetu akaja kuniuliza kama ni yeye tena. Folda nzima nimeiweka kwenye Git na kuituma mtandaoni usiku uleule.

Kwa binti yangu niliomba radhi. Ukurasa wa igizo nimeufuta mbele yake, naye ameomba kurasa nyingine zinazomtaja azisome kwanza. Mbili amezikubali, na moja ametaka nibadilishe sentensi moja, nikabadilisha.

Mlinzi wa Nakala anajibu:

Nimefurahi sana kusikia habari ya diski. Ila kuna jambo nililopaswa kulisema mapema. Ikiwa uliituma folda mtandaoni ukurasa wa igizo ukiwa bado ndani yake, kisha ukaufuta baadaye, basi Git bado inaukumbuka katika historia yake, na kama hazina hiyo, yaani folda ya Git uliyoituma mtandaoni, iko wazi kwa umma mtu anaweza kurudi nyuma na kuusoma. Ibadilishe iwe ya faragha sasa hivi. Kwa kuwa historia yako ni ya siku chache tu, njia rahisi kuliko zote ni kuifuta hazina hiyo ya mtandaoni, kufuta folda iliyofichwa inayoitwa .git kwenye kompyuta yako, na kuanza upya bila ukurasa ule. Usisahau kuuangalia pia upande wa seva inayoonyesha tovuti, pamoja na ile flashi ya zamani.

Mama wa Watatu anajibu:

Ilikuwa wazi kwa umma, na ukurasa ulikuwamo. Nimefuta na kuanza upya usiku huu, binti yangu akiwa amekaa pembeni, na kwenye flashi nao nimeufuta.