Tupeane uzoefu: Mwanafunzi wa chuo kikuu anatafutaje maarifa maktabani? (Dodoma na Kanda ya Kati)

Mleta mada

Ndugu wanajukwaa, habari zenu. Mimi ni mkutubi katika chuo kimoja hapa Dodoma, na pamoja na wenzangu tunaandaa utafiti kuhusu namna wanafunzi wanavyoitumia maktaba na wanavyoifanya kazi ya utafiti, tangu wanapopewa mada hadi wanapoiwasilisha. Kumbukumbu zetu zinaonyesha ni watu wangapi wamepita mlangoni na ni vitabu vingapi vimeazimwa, lakini hazisemi kwa nini mwanafunzi ameketi asubuhi nzima kisha akaondoka mikono mitupu. Hojaji nazo zilituletea majibu mazuri mno: wengi waliandika kwamba wanatumia katalogi (orodha ya vitabu vilivyomo maktabani) na majarida ya mtandaoni, ilhali sisi tulioko pale tunaiona kompyuta ya katalogi ikikaa bila mtu huku meza zote zimejaa wanafunzi wanaosoma vitini vyao wenyewe.

Wenzetu wa Marekani walilitazama jambo hili kwa jicho la anthropolojia, yaani elimu ya watu na namna wanavyoishi. Kati ya 2004 na 2006, katika Chuo Kikuu cha Rochester, mwanaanthropolojia Nancy Fried Foster alishirikiana na wakutubi kuwafuatilia wanafunzi katika maisha yao ya kawaida. Wanafunzi walipewa kamera na kuombwa wapige picha za vitu wanavyobeba kwenda darasani, mahali wanapopenda kusomea, na mahali ndani ya maktaba wanapojiona wamepotea. Wengine walipewa ramani ya chuo wachore walikopita kutwa nzima. Baadaye, kuanzia 2008, vyuo vikuu vitano vya jimbo la Illinois vilifanya kwa pamoja kazi ya aina hiyo, na ikadhihirika kwamba wanafunzi walielemea Google, hawakuelewa jinsi matokeo ya utafutaji yanavyopangwa, na mara chache mno walimwendea mkutubi, hata pale walipokuwa wamekwama kabisa.

Hayo ni ya Illinois; ya kwetu tunaomba tuyapate kwenu. Aliyesoma, anayesoma au anayefundisha hapa Dodoma, Singida au jirani atueleze alichofanya hasa alipopewa kazi ya kutafuta vyanzo, hatua kwa hatua, na si alichopaswa kufanya. Tafadhali msitaje jina la chuo wala la mtu.

Mwanafunzi, shahada ya ualimu, mwaka wa tatu

Shikamoo mleta mada, na wakubwa wote humu. Nitaeleza kazi ya muhula uliopita, iliyohusu utoro wa wanafunzi katika shule za sekondari za kata.

Swali lilitumwa na kiongozi wa darasa kwenye kundi la WhatsApp usiku, nikiwa hosteli. Nililinakili lote kama lilivyo, pamoja na neno «jadili», nikalibandika kwenye Google. Yalikuja mafaili mengi, na la kwanza kufunguka bila kudai malipo lilikuwa tasnifu ya mtu wa nchi nyingine. Nilisoma ikisiri, nikaruka hadi sura ya pili, na humo nikachukua majina ya waandishi aliowataja. Kesho yake nilikwenda maktaba mapema kwa sababu ya meza iliyo karibu na soketi ya umeme, maana meza hizo hukaliwa kabla ya saa mbili na mtu akitoka huacha daftari na chupa ya maji kuonyesha kwamba pana mwenyewe. Sikugusa rafu hata moja siku ile. Niliandika, nikamwonyesha mwenzangu wa chumbani aliyenitangulia mwaka mmoja, akanipa faili la kazi aliyowahi kuifanya, na kutoka humo nikaongeza vyanzo.

Kuhusu mkutubi, sikuwa na hofu naye. Niliamini kazi yake ni kukagua mabegi, kugonga mihuri na kutudai vitabu vilivyochelewa, na katika mafunzo ya wiki ya kwanza tulionyeshwa mlango, choo na mahali pa kuweka begi. Kwamba ninaweza kumwendea nikamwambia «nina mada hii, nianzie wapi?» nimelisikia kwa mara ya kwanza hapa.

Mhadhiri msaidizi, sayansi ya jamii

Nashukuru kijana amesema wazi, kwa kuwa mimi huyaona hayo kutoka upande wa kusahihisha. Marejeo ya wanafunzi kumi hufanana hadi kwenye makosa ya tahajia, na ukiufuata ukurasa uliotajwa, mara nyingi hoja haimo, kwa sababu aliyeisoma ni mtu wa tatu au wa nne nyuma yao. Wapo watakaouita uvivu, nami sikubaliani nao. Tunapoandika kwenye swali «tumia vyanzo visivyopungua vitano», tunampa mwanafunzi idadi bila kumpa njia, naye hutimiza idadi.

Katika ule utafiti wa Illinois ilionekana pia kwamba mwalimu ndiye mlango: mwanafunzi humfikia mkutubi pale mwalimu anapomtuma kwa jina na kwa sababu maalumu. Hapa kwetu nimeona hivyo hivyo. Darasa langu la sasa naligawa katika vikundi, na kila kikundi kinakwenda kwa mkutubi kikiwa na mada iliyokwisha kuandikwa kwa sentensi moja. Kikirudi, kinanieleza kilitumia maneno gani kutafuta na kiliyabadilisha vipi yalipokataa. Maelezo hayo yana alama zake, na naona vijana wanayachukulia kwa uzito kuliko nilivyotarajia.

Mtumishi wa umma, shahada ya uzamili ya jioni

Sisi tunaofanya kazi Mji wa Serikali, Mtumba, tunatoka ofisini jioni, na hadi kufika mjini maktaba inakaribia kufungwa. Kwa hiyo maktaba yangu ni simu, na mpaka wake ni bando. Majarida ambayo chuo kina haki ya kuyasoma hufunguka ukiwa ndani ya mtandao wa chuo. Nyumbani Nkuhungu ukurasa ule ule unanidai dola. Niliomba namna ya kuingia nikiwa nje, nikaelekezwa ofisi ambayo nayo hufungwa saa tisa na nusu. Kwa hili naomba mtusikilize, kwani hatuonekani kwenye hesabu zenu za mlangoni.

Mleta mada

Ndugu wa Mtumba, ujumbe umefika, na utafiti wetu utakuwa na mahojiano ya Jumamosi kwa ajili yenu. Kwa faida ya wote, mpango wa Hinari wa machapisho ya afya, ulioanza 2002, na ule wa AGORA wa kilimo ulioanza 2003, iko chini ya mwavuli wa Research4Life, ushirikiano wa kimataifa wa kusambaza machapisho ya kitaaluma, na hutolewa kwa taasisi za nchi kama yetu bure au kwa gharama ndogo. Nywila hutolewa na taasisi, kwa hiyo iulizeni maktaba.

Kwa mwanafunzi wetu wa ualimu: mtafiti Carol Kuhlthau, katika maelezo aliyoyachapisha 1991, alionyesha kwamba mtu akishachagua mada hupata matumaini, kisha anapoanza kusomasoma huingiwa na mashaka na kuchanganyikiwa, kwa sababu maandiko hayakubaliani na yeye bado hajapata mwelekeo. Hapo ndipo wengi hudhani wameshindwa, wakachukua faili la mwenzao. Msaada wetu unahitajika hapo hasa, na kwa kweli hapo ndipo tusipokuwepo.

Nauliza: kuna aliyewahi kuwahoji wanafunzi wenzake? Alifanikiwaje?

Mhitimu, sasa mwalimu wa sekondari, Kondoa

Niliwahoji kwa ajili ya tasnifu yangu ya shahada ya kwanza. Maswali niliyatunga kwa Kiingereza, kama chuo kinavyodai, na majibu yakawa mafupi na yaliyonyooka kama ya chumba cha mtihani. Nilipoanza kuzungumza nao kwa Kiswahili, tukiwa tumekaa kwenye kivuli nje ya kumbi, wakanisimulia hadi walivyopewa kazi za watu. Jambo la pili, usimuulize mtu kwa ujumla «unatafutaje?». Mwombe alete kazi aliyokwisha kukabidhi, ashike chanzo kimoja kimoja kwenye orodha ya marejeo, aeleze kila kimoja alikipata wapi. Mmoja wao alifika kwenye chanzo cha nne akanyamaza, kisha akasema hakukumbuka kukiona kitabu hicho. Tukacheka wote, na kuanzia hapo akasema kweli. Mueleze mapema kwamba hayo hayatamfikia msimamizi wake, na uitunze ahadi hiyo.

Mwanafunzi, mipango ya maendeleo, mwaka wa pili

Mkitumia zile ramani, msiishie kwenye uzio wa chuo. Chanzo kikubwa cha maandiko kwa mtaa wetu ni steshenari. Dada mwenye duka amehifadhi kwenye kompyuta yake kazi zote zilizowahi kuchapwa pale, amezipanga kwa kozi na kwa mwaka, na ukimtajia jina la somo anakufungulia folda kabla hujamaliza sentensi. Mitihani ya nyuma ipo, vitini vipo, hata andiko la utafiti la mtu aliyemaliza zamani. Anauliza maswali mawili tu, mwalimu ni nani na unakabidhi lini, kisha anachapa.

Mleta mada

Hili halikuwamo kwenye mpango wetu, na linaingia leo. Tutamwomba dada huyo, kwa ridhaa yake, tukae dukani kwake wiki moja kabla ya tarehe za kukabidhi kazi, tuandike kila anachoulizwa na anavyokijibu, bila majina ya wateja. Ndugu wa mipango, nitumie ujumbe wa faragha unielekeze dukani. Wengine endeleeni, hasa mliosoma Singida, maana hadi sasa hajajitokeza hata mmoja.