Naomba ushauri: Volkeno za Siberia ziliwaangamizaje viumbe wa baharini?

Ndugu wanakikundi, salaam. Nafundisha biolojia kidato cha nne, na nimekwama katika mada ya kutoweka kwa viumbe mwishoni mwa kipindi cha Permi, yapata miaka milioni 252 iliyopita, ambapo zaidi ya asilimia 80 ya spishi za baharini ziliangamia. Wanafunzi wameelewa kwamba volkeno za Siberia zilimwaga lava kwa muda mrefu mno, na kwamba magma (mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi) ilipopenya kwenye tabaka za makaa ya mawe, hewa ya ukaa iliongezeka sana angani. Kinachowatatiza, na kwa kweli ni swali zuri, ni jinsi moto wa nchi kavu ulivyowamaliza trilobiti (wanyama wa baharini wenye gamba gumu, waliokwisha kutoweka) na matumbawe wa wakati ule.

Nimejaribu kutumbukiza gamba dogo la kombe katika siki. Mapovu yalipanda papo hapo, na baada ya siku mbili gamba lilikuwa jembamba kiasi cha kuvunjika kwa vidole. Jaribio hilo lilieleza tindikali inayoongezeka baharini hewa ya ukaa inapoyeyuka majini, lakini joto na upungufu wa oksijeni vilichangia pakubwa pia, na hapo sina cha kuwaonyesha.

Je, kuna jaribio rahisi, lisilohitaji maabara, la kuonyesha kwamba maji yenye joto hushika oksijeni kidogo kuliko ya baridi? Na kati ya mambo hayo matatu, nianze na lipi ili wasidhani kwamba kila moja liliua peke yake? Kipindi ni Jumatano asubuhi. Natanguliza shukrani.